Kambove: litra moja ya mafuta yenye kuamua maisha ya ponti ya motoka ya sport

Kwenye barabara inayotoka Lubumbashi, kupita Likasi na kuelekea Kolwezi, malori ya madini ndiyo yenye kutawala. Lakini kati ya lori na lori hupita pia motoka za chini, zenye magurudumu mapana na sauti nzito: Toyota Altezza, Mark X, Subaru Impreza, BMW za miaka ya nyuma. Nyingi zilitumika kwanza Japani, zikashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, zikapita Tunduma, zikavuka Zambia na kuingilia Kasumbalesa, usukani ukiwa upande wa kuume katika nchi ambamo motoka zinatembea upande huo huo wa kuume.

Kambove iko kilometa karibu 25 kutoka Likasi. Ni mji wa shaba tangu wakati wa Union Minière, kisha Gécamines. Kijana anayepata kazi ya mgodi au biashara ya madini, akifikisha feza za motoka, mara nyingi macho yake yanaenda kwa ile yenye kukimbia. Anapoinunua anauliza mengi: moteri iko namna gani, kilometa ngapi, karatasi za duane ziko kamili? Chini, upande wa nyuma, kuna kisanduku cha chuma chenye kubeba nguvu yote ya moteri mpaka kwenye magurudumu. Hicho hakiulizwi na mtu. Ndiyo ponti, ambayo vitabu vinaita diferansieli.

Ndani ya ponti ya motoka ndogo mnaingia litra moja ya mafuta, wakati mwingine moja na nusu. Ni kidogo sana ukilinganisha na mafuta ya moteri, na labda ndiyo sababu inasahauliwa, ao inajazwa na chochote kilichobaki kwenye garaji. Lakini ponti ikikosa mafuta yake, meno yanakwaruzana na kupata moto, rulema zinakwisha, na siku moja ponti inakamata. Ikikamata motoka ikiwa kwenye kilometa 100 kwa saa, magurudumu ya nyuma yanasimama kwa ghafula, na kwenye barabara yetu nyuma yako mara nyingi kuna lori lenye kubeba tani nyingi. Kwa hiyo swali la mafuta gani ya kutia si swali la mafundi tu.

Jibu lenyewe ni fupi, ijapokuwa wauzaji wanalifanya kuwa refu: mafuta yanachaguliwa kwa kufuata kile kilicho ndani ya ponti. Bei ya bidoni haisemi kitu, wala neno "sport" lililoandikwa juu yake kwa rangi nyekundu.

Kazi ya ponti

Motoka ikikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yamefungwa kwenye chuma kimoja, moja litakwaruza lami. Mfaransa Onésiphore Pecqueur ndiye aliyepata mwaka wa 1827 hati ya uvumbuzi wa meno yenye kuruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa mbio tofauti huku yote yakisukumwa. Alikuwa anafikiri juu ya magari ya mvuke. Kazi hiyo haijabadilika mpaka leo.

Kilichobadilika ni sura ya meno. Kadani inaleta nguvu kutoka mbele, inaingia kwenye pinyo, na pinyo inazungusha gurudumu kubwa la meno, yaani kurone. Katika miaka ya 1920, kampuni la Marekani la Packard lilianza kutia kwenye motoka zake meno yanayoitwa hipoidi: pinyo inashuka chini ya katikati ya kurone, kadani inakaa chini, na motoka nzima inaweza kuwa chini pia. Karibu kila motoka yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma inatumia namna hiyo. Ni nzuri na ni ya kimya, lakini ina deni lake: meno ya hipoidi hayabingiriki tu moja juu ya lingine, yanateleza pia, kwa mgandamizo mkubwa sana. Mafuta ya kawaida yanafinywa na kutoka, chuma kinagusa chuma.

Ndiyo maana mafuta ya ponti yanatiwa kiberiti na fosfori. Meno yakipata moto pale yanapogusana, vitu hivyo vinaungana na chuma na kufanya ngozi nyembamba sana inayokubali kukwaruzwa badala ya jino lenyewe. Ile harufu kali, kama ya yai bovu, unayosikia fundi akifungua bushoni ya ponti, inatoka kwenye kiberiti hicho.

Hapa kuna kosa moja lenye kuonekana la akili. Fundi anashika mafuta ya moteri ya namba 50, anayasugua katikati ya vidole, anaona yako mazito sawasawa na yale ya ponti yenye namba 90. Vidole vyake havidanganyi: namba za moteri na namba za ponti zinapimwa kwenye ngazi mbili tofauti, na 90 ya ponti inakaa karibu mahali pamoja na 40 ao 50 ya moteri. Uzito ni sawa. Kinachokosekana kwenye mafuta ya moteri ni ile dawa ya mgandamizo, na hiyo haisikiki kwenye vidole. Ponti itatembea wiki mbili, labda miezi miwili, kisha itaanza kulia.

GL-4, GL-5 na mambo ya shaba

Kwenye bidoni tafuta kwanza herufi GL. Ni alama ya API, shirika la Marekani la petroli. GL-4 ina dawa ya mgandamizo ya kadiri. GL-5 ina karibu mara mbili yake, na ndiyo inayoombwa na ponti ya hipoidi. Mwenye kutia GL-4 kwenye ponti ya nyuma ya motoka ya nguvu anaipa kinga nusu.

Basi watu wengine wanafikiri: kama GL-5 ni kubwa, tutie GL-5 kila mahali, hata kwenye bwati ya vitesi. Wakaaji wa Kambove wanaweza kuelewa upesi kuliko wengine kwa nini hapo kuna hatari. Kwenye konsantrateri ya Kambove, mawe yenye shaba iliyoungana na kiberiti yanajulikana tangu zamani; shaba na kiberiti vinapendana mno. Ndani ya bwati ya mkono kuna pete ndogo za shaba iliyochanganywa, zile zenye kusaidia vitesi kuingia bila kulia. Kiberiti cha GL-5, kikipata moto, kinaweza kuanza kula pete hizo, zinageuka nyeusi, na kisha vitesi vinaanza kugoma. Katika maabara wanapima jambo hili kwa njia nyepesi: wanachovya kipande cha shaba kilichong'arishwa ndani ya mafuta kwa saa tatu kwenye moto wa digri 121, kisha wanaangalia rangi yake imekuwa nyeusi kwa kadiri gani.

Kwa hiyo ponti, GL-5. Bwati ya mkono, mara nyingi GL-4. Lakini neno "mara nyingi" tusilipite. Subaru zenye bwati ya mkono zinatumia mafuta mamoja kwa bwati na ponti ya mbele, na kiwanda kinaomba GL-5 kwa sababu ponti iko mle mle. Kuna pia mafuta yaliyotengenezwa kufaa pande mbili, na bidoni inasema hivyo. Kitabu cha motoka ndicho kinaamua. Kama kiliandikwa kwa Kijapani, alama GL-5 na 75W-90 zinabaki kwa herufi zetu, mtu yeyote anaweza kuzitafuta kwenye ukurasa.

75W-90, 80W-90 ao 85W-140?

Namba ya kwanza, ile yenye W, inasema mafuta yanavyotembea kwenye baridi kali. 75W inapimwa kwenye digri 40 chini ya zero, 80W kwenye 26 chini ya zero, 85W kwenye 12 chini ya zero. Katika Kambove, hata usiku wa mwezi wa saba wakati kila mtu anatafuta koti, hatufiki karibu na hapo. Namba hiyo peke yake haitupasi kutuibia usingizi.

Namba ya pili ndiyo yetu, maana inapimwa kwenye digri 100, na ponti yenye kukimbizwa inaweza kupita hapo. Kama kitabu kinaomba 75W-90 na umekosa, 80W-90 GL-5 nzuri inakaa kwenye kiasi kilekile ponti ikipata moto. Tofauti ni kwamba 75W-90 nyingi ni za sintetiki na zinavumilia moto kwa muda mrefu kuliko 80W-90 za kawaida. Mwenye kutembea polepole kati ya Kambove na Likasi hataona tofauti kubwa kama anabadilisha mafuta kwa wakati. Mwenye kukimbia mpaka Lubumbashi na kurudi kila wiki, ao mwenye kupenda kuzungusha motoka kwenye kiwanja, afazali alipe sintetiki. Kwenye litra moja, tofauti ya bei haifiki mbali.

Motoka za sport za karibuni zinaweza kuomba mafuta mepesi zaidi. Toyota GT86, kwa mfano, inaombewa 75W-85. Hiyo si kosa la uchapishaji. Kiwanda kilihesabu rulema na meno kwa uzito huo, pia kwa kupunguza esansi.

Kisha kuna 85W-140, mafuta mazito yenye kupendwa sana. Yana kazi yake kwenye malori na mashine. Kwenye ponti ndogo ya motoka ya kukimbia, ni karibu mara mbili ya uzito wa 90: yanaleta joto kwa sababu meno yanafanya kazi ya kuyakoroga, na yanachelewa kuingia kwenye rulema ndogo za pinyo. Sababu inayofanya yapendwe ni kwamba yananyamazisha kelele. Ponti iliyokwisha ikijazwa 140, inakaa kimya siku kadhaa. Wauza motoka wa nchi nyingi wanajua hila hiyo, na wengine walienda mbali zaidi wakachanganya mafuta na unga wa mbao. Ukienda kutazama motoka ya kununua, fungua bushoni ya ponti, chovya kidole. Mafuta mazito kama asali kwenye Altezza yanapaswa kukutia mashaka.

Ponti yenye kujifunga

Tumefika sasa kwenye jambo lenye kutofautisha motoka ya sport na taxi. Ponti ya kawaida ina uzaifu mmoja: gurudumu moja likiwa kwenye tope ao likikosa uzito kwenye kona, nguvu yote inakimbilia huko na motoka haisongi. Ili kuzuia hiyo, viwanda vinatia ponti yenye kujifunga, otobloka kwa lugha ya mafundi; kwenye bidoni na kwenye karatasi za Kijapani inaandikwa kwa herufi tatu, LSD. Ziko za aina tatu zenye kuonekana sana, na kila moja ina tabia yake na mafuta.

Ya kwanza ina disiki ndogo zenye kubanana kama ambrayaji. Hapa mafuta ya GL-5 ya kawaida hayatoshi. Disiki zinapaswa kuteleza kidogo kidogo, kwa upole. Zikikosa mafuta yenye aditifu ya kurekebisha msuguano, zinakamata na kuachilia, zinakamata na kuachilia. Utasikia: ukizunguka polepole kwenye paki ya soko, nyuma inagonga "ga-ga-ga" na motoka inatetemeka. Watu wengi wanafikiri ponti imevunjika na wanaanza kutafuta nyingine, wakati kilichokosekana ni kachupa kadogo. Nunua mafuta yenye kuandikwa LSD, ao GL-5 pamoja na kachupa ka aditifu kando. Na usizidishe. Aditifu nyingi mno zinafanya disiki ziteleze bila kukamata, na motoka uliyolipia kwa bei ya sport inakuwa kama ya kawaida. Mafuta mapya yakiingia, tembeza motoka polepole ukichora namba nane kwenye kiwanja, mara kadhaa kila upande, ili mafuta yafike katikati ya disiki. Kama kugonga kunaendelea, ongeza aditifu kidogo.

Ya pili ni Torsen na ndugu zake zenye meno ya kujipinda. Jina hilo linatoka kwa maneno yenye maana ya "kusikia nguvu ya mzunguko", na uvumbuzi ni wa Mmarekani Vernon Gleasman, mwaka wa 1958. Baadhi ya Altezza RS200 zilitoka kiwandani nayo, GT86 nyingi pia. Haina disiki za kukwaruza. Inajifunga kwa msuguano wa meno yake yenyewe. Haihitaji aditifu, na kuitilia ni kuizaifisha. GL-5 ya uzito unaoandikwa kwenye kitabu, basi.

Ya tatu ina kisanduku kidogo kilichofungwa chenye silikoni nzito ndani, kama kwenye Nissan Silvia na Skyline nyingi za miaka ya 1990. Silikoni hiyo haichanganyiki na mafuta ya ponti wala haibadilishwi kwenye vidanje. Kwa nje ni GL-5 ya kawaida. Ikizeeka inapoteza nguvu, na hakuna mafuta yenye kuifufua, hata muuzaji akiapa.

Utajuaje uliyo nayo? Inua nyuma yote, magurudumu mawili hewani, motoka ikiwa imekaa juu ya vyuma imara na si juu ya kriki peke yake, bwati kwenye nyutrali. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka upande wa kinyume, mara nyingi ponti ni ya kawaida. Likizunguka upande mmoja na la kwanza, ni otobloka. Lakini mtihani huu una mashimo: Torsen isiyo na uzito inaweza kujifanya kama ya kawaida, na otobloka ya disiki iliyokwisha pia. Angalia kibati cha kiwanda chini ya kapo, kwenye neno AXLE, na upeleke namba hiyo kwa muuzaji wa vipuri mwenye kujua kusoma. Mara nyingine kuna karatasi ndogo ya LSD iliyobandikwa karibu ya bushoni ya ponti. Futa vumbi kwanza.

Onyo moja, maana kwenye magaraji linasahauliwa: motoka yenye otobloka isiinuliwe gurudumu moja tu na kutiwa vitesi moteri ikiwaka. Gurudumu lililobaki chini litasukuma, na motoka itaruka kutoka kwenye kriki juu ya mtu.

Jambo lingine ni mipira. Wengi wetu tunanunua mipira iliyotumika, moja leo, moja mwezi kesho. Kwenye ponti ya kawaida, mpira mpya kuume na uliokwisha kushoto unaleta hasara ndogo. Kwenye otobloka, magurudumu mawili yasiyolingana kimo yanafanya disiki zisugue kila metre ya barabara, hata kwenye mstari ulionyooka. Hakuna mafuta yenye kuvumilia hiyo mpaka Kolwezi.

Motoka isiyo na ponti, na ile yenye mbili

Toyota Ist, Vitz na ndugu zao, zenye kufanya taxi, zinasukumwa na magurudumu ya mbele. Diferansieli yao inakaa ndani ya bwati na inakunywa mafuta ya bwati. Mwenye kuuziwa bidoni ya 80W-90 "ya ponti" kwa ajili ya Vitz ya otomatiki ameuziwa kitu kisicho na mahali pa kuingia, na ole wake akikilazimisha.

Subaru za otomatiki za zamani ndizo zenye mtego mkubwa. Ponti ya mbele iko kwenye kisanduku kimoja na bwati, lakini mafuta ni mbali mbali: bwati ina yake ya otomatiki, ponti ya mbele ina GL-5 yake na kijiti chake kidogo cha kupimia, na ponti ya nyuma ina yake tena. Kosa linalojulikana ni hili: fundi anafungua bushoni ya ponti ya mbele akifikiri ni ya bwati, anaona mafuta yametoka, kisha anajaza ya otomatiki kwenye bwati ambayo bado imejaa. Motoka inatoka garajini na bwati yenye kufurika na ponti kavu. Rangi inaweza kukuokoa: ya otomatiki huwa nyekundu ikiwa bado mpya, ya ponti ni ya njano kahawia na inanuka kiberiti.

Vumbi, maji na bidoni za mgodi

Kila ponti ina kashimo ao kapira ka kupumua kwa juu. Mafuta yakipata moto, hewa inatoka, yakipoa, inaingia. Barabara zetu za vumbi zinaziba njia hiyo. Hapo hewa ya moto inatafuta pengine pa kutokea na inasukuma joenti ya pinyo, ndipo unaona mafuta yameloweka ponti kwa nje. Watu wanabadilisha joenti mara mbili, mara tatu, bila kusafisha kashimo. Katika masika ni mbaya zaidi: motoka ya chini inapita kwenye maji ikiwa na ponti ya moto, ponti inapoa kwa ghafula na kuvuta maji ndani. Mafuta yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, usingoje kilometa za kitabu. Yatoe siku hiyo.

Juu ya mahali pa kununua, tuseme wazi. Karibu ya migodi kunazunguka bidoni kubwa za mafuta ya mashine nzito kwa bei ya kuvutia. Mengine ni mazuri sana, kwa mashine. Yale yenye alama TO-4, kwa mfano, yalitengenezwa kwa bwati na ponti za mwisho za mashine aina ya Caterpillar, ambazo hazina meno ya hipoidi. Hayana ile dawa ya mgandamizo ambayo pinyo ya motoka ndogo inahitaji. Kuwa ya bei kali na ya kampuni kubwa hakuyafanyi yafae. Na mafuta yanayopimwa kwa chupa ya maji, bila bidoni yake, hayana GL wala W. Ni rangi na harufu tu, na vyote viwili vinaweza kutengenezwa. Angalia kifuniko kama kilifunguliwa, na kama namba iliyochapwa kwenye bidoni inafutika kwa kidole.

Siku ya vidanje

Vitabu vingi vinaomba mafuta ya ponti yabadilishwe kati ya kilometa 40.000 na 80.000, na mapema zaidi kwa wenye vumbi, maji na mbio, maana yake sisi. Kwa motoka iliyotoka Dar es Salaam bila historia yake, usihesabu kitu: badilisha kwanza, kisha anza kuhesabu.

Tembeza motoka dakika kumi ili mafuta yalainike. Fungua bushoni ya kujazia, ile ya juu, mbele ya kufungua ya chini. Wengine wanaanza na ya chini, mafuta yanamwagika yote, ndipo wanagundua ya juu imekamatwa na kutu na haifunguki, na motoka imebaki garajini bila mafuta na bila njia ya kuyarudisha. Motoka ikiwa kwenye mahali palipo sawa, jaza mpaka mafuta yaanze kutoka kwenye shimo la juu, hapo simama. Tia joenti mpya ya bushoni.

Mafuta ya zamani yakusanye kwenye bidoni. Tabia ya kuyamwaga chini ili kutuliza vumbi mbele ya garaji inayapeleka, mvua ikinyesha, kwenye visima ambamo watu wanachota maji.

Mbele ya kufunga, tazama bushoni ya chini, ile yenye sumaku. Unga mwembamba wa kijivu, kama masizi yaliyolowana, ni kawaida, upanguse. Ukikuta kipande chenye pembe, chenye kushikika kati ya vidole viwili, hapo usirudishe bidoni mpya kwenye ponti hiyo. Mwambie fundi ashushe kadani na kufungua kifuniko, jino linaangaliwa kwa macho.